Benedicto Kiwanuka: wakili waliyemkataa Waprotestanti, jaji aliyewauliza wanajeshi

Kila mchungaji wa Bunia analijua swali hili, na wale wa Irumu, Djugu na Mahagi vilevile. Mama anangoja mlangoni pa kanisa mpaka watu wote watoke. Anasema mtoto wake alichukuliwa jana kwenye bariyeri. Na nani? Na watu wenye silaha na unifomu. Kwa kosa gani? Hakuambiwa. Yuko wapi? Mmoja anasema yuko kambini, mwingine anasema alimwona kwenye kasho la mtaa mwingine. Halafu mama anauliza: Baba Mchungaji, sasa tufanye nini?

Tunaomba pamoja naye. Hilo tunajua kulifanya. Baada ya "amina" wengi wetu tunabaki kimya, kwa sababu tunaogopa, au hatujui sheria inasema nini, au kwa sababu kijana mwenyewe si wa kwetu. Makala hii ni kwa ajili ya dakika ile inayofuata "amina". Tumeona vema kuizungumzia kupitia maisha ya mtu mmoja wa ng'ambo ya Ziwa Albert: Benedicto Kiwanuka, wakili, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, na raia wa kwanza wa Uganda kuwa Jaji Mkuu wa nchi yake. Mwaka 1972 aliamua kesi ya mtu aliyekuwa ameshikiliwa na wanajeshi. Siku chache baadaye wanajeshi walimchukua yeye mwenyewe, na hakurudi tena.

Alikuwa Mkatoliki. Katika siasa, waliompinga sana walikuwa Waprotestanti wenzetu. Hilo hatutalifunika, maana ndilo lililotufanya tuandike.

Kutoka jeshini hadi mahakamani

Kiwanuka alizaliwa Mei 1922 upande wa Masaka, kusini-magharibi mwa Buganda, katika familia ya Kikatoliki isiyokuwa na cheo. Mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliingia jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, lile la King's African Rifles. Alihudumu Kenya, Misri na Palestina, akarudi nyumbani mwaka 1946. Msomaji alikumbuke hili tutakapofika mwisho: mtu aliyekuja kuweka mpaka kwa wanajeshi alikuwa amevaa unifomu yao miaka minne. Hakuwa mtu wa kuchukia jeshi.

Baada ya vita alipata kazi katika Mahakama Kuu ya Uganda, akiwa karani na mkalimani. Kazi hiyo watu wa Ituri wanaielewa bila maelezo mengi. Jaji anazungumza lugha moja, mshtakiwa anazungumza nyingine, na maisha ya mshtakiwa yanapita mdomoni mwa mtu aliyesimama katikati. Mkalimani anaona mambo ambayo jaji haoni: anaona maskini akiitikia "ndiyo" kwa swali ambalo hakulielewa. Sisi tunafikiri wakili Kiwanuka alianzia pale, kabla ya kufungua kitabu chochote cha sheria.

Vitabu vilikuja baadaye. Mwaka 1950 alikwenda Basutoland, nchi tunayoiita leo Lesotho, kwenye chuo cha Kikatoliki cha Pius XII pale Roma (Roma ya Lesotho, si ile ya Papa). Kutoka huko alivuka hadi London, akasoma sheria katika University College, na mwaka 1956 akapokelewa kuwa wakili katika chama cha mawakili cha Gray's Inn. Alikuwa na miaka 33, ana mke na watoto. Akarudi Kampala akafungua ofisi yake. Enzi hizo wakili Mwafrika alikuwa mtu wa kuhesabika kwa vidole katika Afrika Mashariki yote. Upande wetu hali ilikuwa mbaya zaidi: Kongo ilifika uhuru wa 1960 ikiwa na wasomi wachache sana waliomaliza chuo kikuu, na Wabelgiji walikuwa wamechelewa mno kufungua mlango wa masomo ya sheria kwa Wakongomani.

Dini mbili, vyama viwili

Ili kuelewa kwa nini wakili huyu alikataliwa, lazima turudi nyuma kidogo.

Wengi wetu tunakumbuka kila tarehe 3 Juni mashahidi wa Uganda, Wakatoliki na Waanglikana walioteketezwa pamoja Namugongo mwaka 1886. Tusilolihubiri mara nyingi ni kilichofuata. Januari 1892, chini ya miaka sita baada ya moto ule, Wakatoliki na Waprotestanti walipigana kwa bunduki juu ya kilima cha Mengo, kila upande ukitaka kumshika Kabaka na nchi yake. Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza aliwasaidia Waprotestanti kwa bunduki yake ya Maxim, nao wakashinda. Kutoka siku hiyo vyeo vya Buganda viligawanywa kwa dini. Kabaka alikuwa Mwanglikana. Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, alikuwa Mwanglikana kuanzia Apolo Kagwa na kuendelea. Wakatoliki, ingawa walikuwa wengi kwa hesabu, walikaa nafasi ya pili.

Mwaka 1955 Mkatoliki mmoja, Matayo Mugwanya, aligombea u-Katikkiro katika Lukiiko, baraza la Buganda. Alishindwa kwa kura chache sana. Baadaye alichaguliwa kuwa mjumbe wa Lukiiko, na Kabaka akakataa kumpokea. Uchungu wa namna hiyo ndio uliokipa nguvu chama cha Democratic Party, DP, ambacho wito wake ulikuwa ukweli na haki. Mwaka 1958 Kiwanuka akawa rais wa chama hicho.

Wapinzani walisema herufi zile mbili maana yake ni Dini ya Papa. Wenye DP nao walijibu kwamba UPC, chama cha Milton Obote, ni Waprotestanti Walioungana wa Canterbury. Watu walicheka, lakini kura zilipigwa hivyo hivyo. Mchungaji alijua washiriki wake watachagua nani, na padri alijua vilevile.

Tungependa wasomaji wetu wa CECA 20, wa Anglikana na wa jumuiya nyingine za Kiprotestanti za hapa wasimame kidogo kwenye hadithi hii. Nchini kwetu mambo yalikuwa kinyume. Chini ya Wabelgiji, misioni za Kikatoliki ndizo zilizopendelewa. Shule za Waprotestanti hazikupata ruzuku ya serikali hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wazee wetu walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Ng'ambo ya ziwa, wakati uleule, Waprotestanti walikaa kwenye kiti cha juu na hawakuona ubaya wowote. Injili iliyofika Boga mwaka 1896 na Apolo Kivebulaya ilitoka katika kanisa hilohilo la Buganda, nasi tunaishukuru. Lakini kanisa lililotuletea Neno lilikuwa pia kanisa lenye vyeo, na vyeo hulevya watu wa dini zote.

Waziri mkuu wa miezi michache

Uchaguzi wa Machi 1961 ulikuwa wa ajabu. Serikali ya Kabaka iliwaambia watu wa Buganda wasiandikishwe wala wasipige kura, na walio wengi walitii. Wachache waliothubutu kwenda walipiga kura DP, na viti karibu vyote vya Buganda vikaangukia chama hicho. Katika nchi nzima UPC ilipata kura nyingi zaidi, lakini DP ilipata viti vingi zaidi. Kiwanuka akawa kiongozi wa serikali, na tarehe 1 Machi 1962, Uganda ilipopewa kujitawala katika mambo ya ndani, akawa waziri mkuu.

Kwa watu wa Mengo hilo lilikuwa tusi. Mtu asiye na ukoo wa kifalme, Muganda wa kawaida, atakaaje juu ya Kabaka? Hapo dini na heshima ya kifalme viliungana. Chama kipya cha Kabaka Yekka, maana yake "Kabaka peke yake", kilishikana mkono na UPC ya Obote. Ilikubaliwa kwamba wajumbe 21 wa Buganda katika bunge hawatachaguliwa na wananchi moja kwa moja, ila na Lukiiko. Kiwanuka alilipinga jambo hilo kwa nguvu, akasema mwananchi wa Buganda ana haki ya kura kama mwananchi wa Acholi au wa Toro. Alishindwa. Katika uchaguzi wa Aprili 1962 UPC ilipata viti 37, DP viti 24, na wale 21 wa Lukiiko wakaenda upande wa Obote. Kiwanuka mwenyewe hakupata hata kiti cha bunge. Tarehe 9 Oktoba 1962, bendera ya uhuru ilipopandishwa Kampala, waziri mkuu alikuwa Obote.

Hatutaki kumfanya mtakatifu. Alikuwa mkaidi, ulimi wake ulikuwa mkali, na hata baadhi ya wenzake wa chama walichoka naye. Pengine mwanasiasa mpole zaidi angepata njia ya kusemezana na Kabaka. Lakini waliomshinda walivuna nini? Mei 1966 jeshi la Obote, likiongozwa na Idi Amin, liliishambulia ikulu ya Mengo. Kabaka alikimbilia Uingereza, akafa huko mwaka 1969. Muungano uliofanywa ili kumzuia Mkatoliki mmoja uliishia kwa mizinga juu ya nyumba ya mfalme Mwanglikana.

Kiwanuka yeye aliendelea na uwakili na upinzani. Desemba 1969, baada ya mtu kumpiga Obote risasi na kumjeruhi, vyama vya upinzani vilipigwa marufuku na Kiwanuka akawekwa kizuizini bila hukumu. Alikaa ndani zaidi ya mwaka. Wakili akawa mfungwa ambaye hakuna jaji aliyeuliza habari zake.

Jaji Mkuu wa Amin

Tarehe 25 Januari 1971 Amin alimpindua Obote. Siku chache baadaye aliwafungua wafungwa wa kisiasa, na Kiwanuka akawa mmoja wao. Watu walicheza barabarani Kampala. Mwezi Juni Amin akamteua kuwa Jaji Mkuu. Kabla yake kiti hicho kilikuwa cha wageni. Wa mwisho alikuwa Mwingereza, na kabla ya huyo Mnigeria.

Je, alikosea kukubali? Tumeshindana juu ya hilo tulipoandaa makala hii. Mmoja wetu alisema mtu akila sahani moja na simba asishangae. Mwingine akasema: kama waadilifu wote watakataa viti, nani atakaa juu yake? Amin alikuwa na hesabu zake, alitaka kuwapendeza Waganda na Wakatoliki. Kiwanuka naye alikuwa ametoka kifungoni miezi michache tu, na yawezekana aliamini, kama wengi walivyoamini mwaka ule, kwamba mwanajeshi huyu mcheshi atarudisha nchi kwa raia kama alivyoahidi. Tunachoweza kumpimia ni alichofanya na kiti alipokuwa amekikalia.

Septemba 1972 ilikuwa mwezi wa hofu. Amin alikuwa amewaamuru Waasia waondoke Uganda kwa siku 90. Waingereza walitukanwa redioni. Katika hali hiyo wanajeshi walimkamata mfanyabiashara mmoja Mwingereza na kumshikilia. Kesi yake ikafika mbele ya Jaji Mkuu, kwa njia inayoitwa kwa Kilatini habeas corpus.

Tueleze kidogo, maana neno hili linasikika zito na jambo lenyewe ni jepesi. Ni ombi kwa jaji, na jaji akilikubali anatoa amri kwa yeyote anayemshikilia mtu: mlete mtu huyo mbele yangu, mzima, na unieleze unamshikilia kwa sheria gani. Kama huna sheria, mwache aende. Waingereza waliliandika katika sheria ya bunge mwaka 1679. Jaji haulizwi kama mfungwa ni mwema, wala kama tunampenda. Anauliza tu uwezo wa kumshika ulitoka wapi.

Kiwanuka aliuliza, akajibu mwenyewe katika uamuzi wake: wanajeshi wa Uganda hawakuwa na mamlaka ya kisheria ya kumkamata mtu yule, aachiliwe. Maneno hayo yalisemwa hadharani mahakamani, wakati ambapo mawaziri walikuwa wakinong'ona majumbani mwao.

Tarehe 17 Septemba wafuasi wa Obote waliingia kwa silaha kutoka Tanzania, wakashindwa. Baada ya hapo watu wengi mashuhuri walianza kutoweka. Asubuhi ya tarehe 21 Septemba watu wa Amin waliingia katika jengo la Mahakama Kuu, wakamtoa Jaji Mkuu ofisini mwake na kumtia katika gari. Waliokuwepo walieleza kwamba alivuliwa viatu. Hakukuwa na karatasi ya kumkamata, wala kosa lililotajwa. Serikali ilikana kuhusika. Mwili wake haukupatikana hadi leo, na familia yake haina kaburi la kwenda kulilia.

Alipotoka kwenye ngazi zile, ni jaji gani angeandika amri ya kumdai? Mwenye kuandika amri hiyo ndiye aliyekuwa ndani ya gari.

Askofu Mkuu wetu

Wengine wa wasomaji wetu watasema: hayo ni ya Wakatoliki na ya Uganda, yanatuhusu nini? Kwa Waanglikana wa Boga jibu ni la karibu. Miaka ile dayosisi ya Boga ilikuwa sehemu ya jimbo moja la kanisa lililoitwa Kanisa la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Kutoka mwaka 1974 Askofu Mkuu wa jimbo hilo alikuwa Janani Luwum. Kwa hiyo Luwum hakuwa shujaa wa jirani tu. Alikuwa Askofu Mkuu wa watu wa Ituri.

Usiku wa tarehe 5 Februari 1977 wanajeshi waliingia nyumbani kwa Luwum na kuipekua, wakidai wanatafuta silaha. Siku chache baadaye maaskofu Waanglikana walimwandikia Amin barua kali, wakilalamikia raia wanaouawa na kuchukuliwa. Tarehe 16 Februari Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, na redio ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Wanajeshi waliupeleka mwili wake kijijini kwao Mucwini, ukazikwa huko, na kaburi lililochimbwa Namirembe likabaki tupu.

Kati ya kutekwa kwa jaji Mkatoliki na kuuawa kwa Askofu Mkuu Mwanglikana ilipita miaka minne na miezi mitano. Katikati yao aliuawa pia padri Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Kikatoliki la Munno, mwanzoni mwa mwaka 1973. Kabla ya kufa, Luwum alikuwa ameanza kufanya kazi bega kwa bega na Kardinali Emmanuel Nsubuga. Yale ya Mengo ya 1892 yalihitaji Amin ili yaanze kupona, na hilo si jambo la kujivunia kwa upande wowote.

Huku kwetu Ituri

Sasa turudi kwa yule mama mlangoni.

Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu na Kivu Kaskazini yamekuwa chini ya utawala wa kijeshi uliotangazwa na Rais wa Jamhuri. Gavana ni mwanajeshi, na wakuu wa teritware waliwekwa kutoka jeshi na polisi. Mahakama za kijeshi zilipewa kesi za jinai, hata za raia. Oktoba 2023 Rais alitangaza kwamba utawala huo utalegezwa hatua kwa hatua. Wanajeshi wengi wamekufa wakitulinda dhidi ya ADF na makundi mengine, na baadhi yao ni washiriki wetu. Hatusemi dhidi yao.

Lazima pia tuseme ukweli wa kisheria. Uamuzi wa Kiwanuka hauwezi kunakiliwa Bunia ulivyo. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 156, inaruhusu mahakama za kijeshi kuchukua nafasi ya mahakama za kawaida katika kesi za jinai wakati wa vita au wa utawala kama huu. Kwa hiyo mwanajeshi anayemkamata raia hapa anaweza kuwa na sheria mkononi. Lakini kuna mambo ambayo Katiba haikuyaachia hata wakati huo. Kifungu cha 18 kinasema mtu aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa, na kwa lugha anayoielewa. Aruhusiwe mara moja kuwasiliana na familia yake au wakili wake. Asishikiliwe kabla ya kupelekwa mbele ya mamlaka ya sheria zaidi ya saa 48. Zikipita, aachiliwe au apelekwe. Kifungu cha 19 kinampa haki ya kusaidiwa na avoka tangu hatua ya uchunguzi. Na kifungu cha 61 kinataja haki ambazo haziguswi hata utawala wa dharura ukitangazwa: uhai, kutoteswa, haki ya kujitetea na kukata rufaa, na nyinginezo.

Swali la jaji yule, unamshikilia kwa sheria gani, bado lina mahali pa kuulizwa basi. Mchungaji anaweza kuliuliza kwa heshima kwenye ofisi ya polisi, kambini kwa kamanda, au kwenye oditora, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka wa kijeshi. Si uasi. Paulo aliliuliza kule Yerusalemu akiwa amefungwa kamba tayari kupigwa mijeledi, akimkumbusha akida sheria ya Roma, na jemadari akaogopa.

Ugumu mkubwa, kwa maoni yetu, hauko kwa kamanda. Uko kwetu. Katika Yohana sura ya 7, wakuu wanapotaka kumshika Yesu, Nikodemo anauliza kama sheria yao inamhukumu mtu kabla ya kumsikia. Hawakumjibu kwa sheria. Walimuuliza kama yeye naye ni mtu wa Galilaya. Hapa Ituri tunalijua jibu hilo, tumelisikia na tumelitoa. Ukiulizia kijana wa kabila lingine, watu wako wanakuuliza lini umekuwa wa kwao. Baada ya yote yaliyotokea Djugu na Irumu tangu 1999, na tena tangu mwisho wa 2017, wapo wachungaji wanaoulizia vijana wa kabila lao tu, na tunaelewa jinsi walivyofika hapo. Lakini kesi iliyomgharimu Kiwanuka maisha yake haikuwa ya Muganda wala ya mwana DP. Ilikuwa ya Mwingereza, mtu wa taifa lililotawala nchi yake, katika mwezi ambao hakuna aliyetaka kuonekana akimtetea Mwingereza.

Baadhi ya makanisa ya mtandao wetu yametuomba mambo ya kufanya, si mawazo tu. Hatuna mengi. Usiende peke yako. Chukua mzee wa kanisa, na ikiwezekana padri wa parokia ya jirani au imamu, maana watu watatu wa dini tatu ni vigumu kuwasema ni wa kabila moja. Tafuta avoka mapema, kabla hakujahitajika. Usitoe fedha bila risiti, hata ukiambiwa ndiyo desturi. Usipige kelele, usimtukane mwanajeshi wa zamu. Mara nyingi naye hajui kwa nini kijana yuko ndani. Na weka daftari nyumbani kwako. Mama anapofika, kabla ya maombi au mara baada yake, andika jina kamili la mtoto, umri, mahali alipochukuliwa, waliomchukua walivaa nini, gari lilikuwa la rangi gani. Kwanza kabisa andika saa, kwa sababu zile saa 48 zinahesabiwa kuanzia hapo.